Zile taa za angani si dalili ya kiama

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi mmeweka picha ya taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayowaka angani usiku, ukurasa wa mwisho na maelezo mstari mmoja tu, nikakumbuka usiku wa tarehe 10 Mei 2024. Nilikuwa hapa Minnesota, Marekani, ndo natoka shifti, nakuta majirani wako nje wameinua simu juu, mbingu pinki na kijani kama kitenge. Nikatuma picha kwenye grupu la familia, Tanga ishakucha, hadi mchana zimezagaa mtaa mzima eti kiama, shangazi yangu ananipigia analia ananiambia nitubu.

Simlaumu, nani alishamwelezea? Kumbe ilikuwa dhoruba ya sumaku kali kuliko zote tangu 2003. Kwenye jua kulikuwa na kundi kubwa la madoa, likarusha mawingu ya chembe za umeme mfululizo. Dunia ina ngao yake ya sumaku na siku nyingi inayakwepesha, ila sumaku iliyo ndani ya wingu ikielekea kusini, yaani kinyume na ya kwetu, zinashikana, ngao inafunguka, nguvu inajazana kwenye mkia wake upande wa usiku halafu inafyatuka, elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, zinateremka kufuata mistari ya sumaku kuelekea kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini. Zikigonga oksijeni kilomita 100 na kitu juu inang'aa kijani, zaidi ya 200 nyekundu. Dhoruba ikizidi, duara la taa kuzunguka kila ncha linapanuka, ndo maana safari ile zilionekana hadi Mexico na Afrika Kusini. Tanga haziji kwa sababu huko mistari ya sumaku imelala, haisimami wima kama karibu na ncha.

Lakini kutoziona haina maana hazituhusu! Siku ile ile wakulima wa mahindi huku walisimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda, GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, imevurugika. Na mwaka 1989 Quebec, Kanada, dhoruba kama hiyo ilikata umeme, watu milioni 6 walikaa gizani masaa 9. Marubani, wapima viwanja, hata bodaboda wa kuitwa kwa simu, wote wanategemea hizo setilaiti.

Naomba mpange hata nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi na mchoro wa hiyo ngao. Shangazi hashiki simu janja, picha alionyeshwa na watoto. Anachosoma mwenyewe kila Jumapili ni gazeti lenu.

Msomaji wenu, Minnesota