Kwa mwanangu, kabla lori halijaondoka

Pumwani, Nairobi
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu nimeiandika yote, sikuikata, kwa sababu rehema imo katikati yake na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Dadako ameniambia Jumatatu unapanda lori kwenda Juba. Ningependa kulisikia kwako, lakini haya. Barabara ya Nimule siisemei, wenye magari wanaijua. Kilichoninyima usingizi ni lile neno jingine ulilomwambia, kwamba msikitini hutarudi tena kwa kuwa "mama mwenyewe alishasema Mungu hatanisamehe." Unaswali, baba? Nijibu hilo kwanza.

Neno lile nililisema, tena mlangoni, majirani wakisikia. Lakini mimi ni nani? Siwezi kumsemea hata mwenye nyumba, seuze Mola.

Juzi darsani maalim alisoma hadithi iliyopokewa na Sayyidna Umar. Waliletwa mateka, na kati yao mwanamke anahaha kumtafuta mwanawe. Alipompata alimkumbatia, akamnyonyesha papo hapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawauliza masahaba: mnamwona huyu anaweza kumtupa mtoto wake motoni? Wakasema hapana, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Akawaambia Mwenyezi Mungu anawahurumia waja wake kuliko huyu anavyomhurumia mwanawe. Wenzangu wakasema subhanallah. Mimi niliinama nikachambua nyuzi za mkeka mpaka darsa ikaisha.

Fungua Msahafu, sura ya 39, aya ya 53. Waliopita mipaka wakajidhulumu, bado anawaita waja wake, kisha anawakataza kukata tamaa na rehema yake. Aya hiyo hukuisikia kwangu. Kwangu ulisikia za moto. Ulikuwa mtundu, nami nilikuwa peke yangu na nyinyi wawili.

Ila usije ukaitandika hiyo rehema ukailalia. Haki ya mtu hurudishwa kwa mtu. Zile 18,000 za chama zilishalipwa, na ukija usinitazame mkono kutafuta bangili. Wanachama wote wamekusamehe isipokuwa mmoja, unamjua. Anataka umwombe kwa kinywa chako. Mpigie simu kabla hamjafika Malaba. Kuchukua hukuona aibu, basi kuomba msamaha usione aibu.

Nasikia tajiri wako anasema hakuna utingo anayefunga turubai kama wewe. Nilitembea na maneno hayo Gikomba siku mbili, mpaka muuza nyanya akaniambia amechoka kuyasikia.

Safarini una ruhusa: Adhuhuri, Alasiri na Isha ni rakaa mbili mbili. Magharibi tatu na Alfajiri mbili hazipungui. Maji yakikosekana kabisa, tayamamu. Mwenyewe amekupunguzia, halafu wewe unaziacha zote? Kwa neno langu? Mbona siku zote nikikukataza sigara neno langu halina uzito? Nauliza tena, unaswali?

Paka wako amezaa ndani ya sanduku lako la nguo, watatu, mmoja mweusi tii. Hutoka kidogo kutafuta cha kula na kurudi mbio. Maalim alisema Mwenyezi Mungu aliigawa rehema sehemu 100, akazuia kwake 99, na hiyo moja aliyoiteremsha ndiyo inayomfanya farasi ainue kwato asimkanyage mtoto wake. Basi sanduku siligusi. Nguo zako nimezihamishia kwenye gunia, shati la Idi liko juu.

Maji hayajatoka tangu Jumatano. Mwenye nyumba anasema kesho, na kesho yake unaijua. Mtungi wa gesi nao umeisha, napikia makaa. Blanketi la kijivu nimelifua kwa maji ya kununua ndoo mbili, kwa hiyo usilisahau. Huko barabarani utalala chini ya trela na usiku una baridi.

Kesho nitaweka pilau. Ukichelewa usibishe hodi, nyanyako siku hizi analala sebuleni na akiamka ndiyo basi mpaka asubuhi. Kufuli ni lile la zamani, nimelirudisha. Ufunguo wako unafungua.

Mamako