Barua ya wazi kwa mdogo wangu: ile juisi nyekundu uliyoimwaga

Mdogo wangu,

Mama mdogo alinipigia juzi usiku. Tukasalimiana weee, mvua, bei ya mahindi, magoti yake, mwisho akasema nimwandikie namna ya kutengeneza "ile juisi yako nyekundu", kuna mtu anaitaka kwa chai ya Idi Pili. Nikamuuliza mtu gani. Akakohoa. Nikajua ni wewe, maana mama mdogo uongo haujui, anajua kukohoa tu.

Nimeamua kukujibu hapa mbele za watu, kwa sababu na wewe ulichofanya ulikifanya mbele za watu.

Kwanza hongera. Nimesikia mwaka huu ukoo mzima wa mumeo unakuja kwako, saa nne na nusu watu wanakaa mezani, chapati, supu, mihogo, vitumbua, sambusa. Kukaribisha watu hujafundishwa na mtu. Kule Mvumi ulikuwa unapanga vifuniko vya chupa chini ya mbuyu, unatumiminia maji ya ubuyu, halafu unatudai kokoto. Mimi dada mtu nilikuwa nalipa. Kwa hiyo sina wasiwasi na meza yako. Wasiwasi wangu ni haraka zako.

Haya, shika kalamu. Hii inatosha watu ishirini na ushee.

Tafuta rozela kavu, ile choya aliyokuwa anaianika bibi juu ya bati. Ukija mjini Dodoma nenda soko la Majengo, usinunue ya kwanza unayoonyeshwa. Mwambie muuzaji aingize mkono chini ya gunia. Iwe nyekundu ya kuelekea weusi. Ikiwa imepauka kahawia na inavunjika vumbi mkononi, hiyo ni ya mwaka juzi, mwachie mwenyewe. Chukua vikombe 2 vya chai, isuuze harakaharaka, kwa sababu ina mchanga, lakini usiiloweke ukaisahau, rangi yote itaondoka na maji ya kusuuzia.

Maji lita 3, kwenye sufuria ya stili. Zile zetu za alumini ziache kwa ugali, uchachu wa rozela unazila na juisi inapata ladha ya chuma. Tia tangawizi ya urefu wa vidole viwili, iponde kwenye kinu. Tia maganda ya nanasi uliyoyasugua vizuri (usitupe maganda, harufu yote ya nanasi iko pale), vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 5. Karafuu 5, siyo kiganja. Chemsha dakika 15. Ndipo utie rozela, ichemke dakika 2 tu, zima moto, funika, iache itoe rangi yenyewe dakika 20. Ukiipika sana inakuwa na ukakasi wa kukunja ulimi. Chuja kwa kitambaa, na sukari iweke hapohapo ikiwa ya moto, kikombe kimoja na nusu. Usiionje ukadhani umemaliza. Ionje tena ikishapoa kabisa, maana ubaridi unaficha utamu.

Umeona hapo nimeandika chemsha? Nilichemsha. Hata siku ile nilichemsha. Nilianza saa kumi alfajiri wakati wewe umelala na hina mkononi, na hakuna kitu kilichoingia kwenye lile bakuli ambacho hakikupita kwenye moto au kwenye kisu changu asubuhi ileile.

Nitasema, kwa kuwa hatujawahi kulisema.

Wakwe zako watarajiwa walitoka Kondoa alfajiri, wakafika siku ya pili ya Krismasi watu ndiyo wanatoka kanisani. Nilitandika kile kitambaa cheupe cha kudarizi. Bakuli la kioo la marehemu mama nikaliweka katikati na upawa wake, vipande vya chungwa vinaelea juu, barafu inagongagonga kioo. Nilimimina glasi ya mama mkwe wako kwanza, kisha shangazi zake, kisha Baba. Baba alikuwa amevaa lile shati la bluu ulilomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza, kafunga hadi kifungo cha shingoni. Mama mkwe wako alikuwa ameshainua glasi, iko usawa wa kidevu, anaitazama ile rangi na kutabasamu.

Ukasema: "Mama, hiyo iacheni kwanza. Hapa kwetu kitu chekundu huwezi kujua kina nini."

Ukacheka. Ulicheka peke yako.

Mama mkwe wako alishusha glasi taratibu, mtu mwenye adabu zake, ikaacha duara jekundu kwenye kitambaa. Shangazi wakashusha zao. Ukalibeba bakuli kwa mikono miwili, ukatoka nalo mlango wa nyuma, ukalimwaga chini ya mpapai. Kuku wakaja mbio, wakadonoa vipande vya nanasi mpaka vikaisha. Jioni wale kuku walipanda bandani wenyewe. Hakuna aliyepepesuka.

Ukamtuma mtoto dukani, akarudi na kreti ya soda za moto.

Sasa ngoja nikufundishe kitu, kwa sababu umezaliwa Dodoma na bado hukijui. Zabibu inageuka mvinyo kwa sababu hamira iko kwenye ganda lake, na ukiikamua ukaiacha na joto letu hili, hamira inakula sukari, juisi inaanza kutoa povu. Hiyo ni kazi ya siku, na mvinyo wa kueleweka ni kazi ya wiki na miezi, muulize yeyote mwenye shamba Hombolo au Mpunguzi. Ukishachemsha, hamira imekufa. Na kwenye bakuli langu hapakuwa na zabibu hata punje, hapakuwa na kitu cha kuchachuka kuanzia alfajiri mpaka saa tano, tena juu ya barafu. Povu uliloliona lilikuwa la soda. Wekundu ulikuwa wa rozela. Ungeniuliza jikoni kwa kunong'ona ningekuonyesha sufuria.

Lakini tatizo lako halikuwa juisi. Ulikuwa unaogopa wakwe watajua habari za Baba.

(Wasomaji, mnisamehe, hapa naongea na ndugu yangu.)

Mtaa mzima ulikuwa unajua habari za Baba, na wale wazee wa Kondoa siyo watoto, walishauliza kabla ya kuleta barua ya posa. Wewe ulikuwa unaishi Dar wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa hapa tangu alipoacha pombe. Hukumwona anavyopita kilabuni ameangalia upande mwingine wa barabara kama anasoma mabango. Sikukuu ndizo zilikuwa zinamshinda, kwa sababu kila nyumba anayoingia mtu anampa glasi, na akikataa anaulizwa unaumwa? Mkononi hana kitu, amekaa kama mshitakiwa. Kwa hiyo nilitaka siku ile mezani kwake mwenyewe kuwe na kinywaji cha heshima, kwenye bakuli zuri, chenye rangi, kinachonywewa na wote, na yeye ameshika glasi iliyojaa kama wanaume wengine. Wakwe zako walikuwa wageni wa lile bakuli. Mwenye bakuli alikuwa Baba.

Na neno lako yeye ndiye lililompata. Aliweka glasi chini, akasema anaenda kuangalia kama gari la wageni limeegeshwa vizuri. Gari lilikuwa ndani ya geti, mdogo wangu. Alikaa chini ya mwembe mpaka ulipofika muda wa kuitwa kwa maombi.

Ulipobadili dini sikusema neno. Ndugu waliposema, mimi ndiye niliyewaambia waache, mtu anamfuata mumewe, Mungu ni mmoja. Nilikuchangia kitchen party, nikapanda basi mpaka Kondoa na sufuria mapajani. Sikudai shukrani. Nilichokuwa nakisubiri ni umwambie Baba jambo moja, na sijui umeshamwambia au bado, yeye hasemi.

Turudi kwenye juisi.

Mananasi 2 yaliyoiva, yasage, chuja. Pasheni 10, hizi usisage, mbegu zikipasuka zinatia uchungu. Zikamulie kwenye chujio kwa kijiko, na mbegu kiasi zirudishie kwenye bakuli, zinapendeza. Changanya na rozela iliyopoa, weka kwenye friji usiku kucha. Kama inakuzidi uchachu ongeza nanasi, usiongeze sukari. Na asitokee jirani akakushauri utie magadi kidogo ya kupunguza uchachu. Wekundu wote utageuka rangi ya wino, utashindwa kuelezea.

Najua utataka kuongeza ubuyu, kwa sababu wewe na ubuyu. Usiongeze. Unafanya juisi inakuwa nzito na ya ukungu, ile rangi ya kupenyeza mwanga inapotea. Tengeneza jagi la ubuyu pembeni, watoto watalimaliza wao.

Barafu ya maji inaharibu kila kitu, ikiyeyuka unakunywa maji ya rangi. Zabibu sasa hivi zipo, nunua kilo 2, zioshe, zikaushe kwa kitambaa, zigandishe usiku mzima kwenye friza. Asubuhi zimwage bakulini badala ya barafu. Zinapoza bila kuongeza maji, na mtu akifika chini ya glasi ana kitu cha kutafuna. Ndiyo, zabibu. Za Dodoma. Kama kuna mtu mezani kwako atauliza, safari hii umjibu wewe.

Machungwa yakate mviringo wageni wakiwa wanavua viatu, siyo mapema, ganda likikaa humo muda mrefu linatoa uchungu. Soda ya tangawizi, lita 2, iwe ya mwisho kabisa, imimine polepole ukingoni mwa bakuli ili gesi isiondoke yote. Usiimimine jikoni, imimine mezani watu wanaona. Ungejua ni watu wangapi wanatulia mioyo kwa kuona tu chupa ilivyoandikwa.

Na wale waliotoka kufunga mwezi mzima usiwaanzishie uchachu wa baridi tumboni mtupu. Wape kwanza supu na kipande cha chapati. Mama mkwe wako kama bado anameza dawa za presha, glasi moja inamtosha, rozela nayo inashusha presha kidogo. Hilo mwambie kwa upole, usimpokonye glasi. Ulishampokonya mara moja.

Mama mdogo, katika kukohoa kwake, alitaja kwamba mmemwalika na Baba. Sasa hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Kama ni juisi tu unataka, dunia imejaa juisi, Kondoa nzima haikosi mtu anayejua kuchemsha rozela. Umeitaka hii. Labda unajua unachotaka kufanya, labda hujui. Mimi nakwambia utaratibu wangu ulivyokuwa, ufuate au uache: usimamie upawa mwenyewe, usimwachie dada wa kazi. Siku ile nilimimina ya mama mkwe wako kwanza, kwa sababu alikuwa mgeni. Kwako mgeni ni Baba. Anza naye, ijaze, na useme kwa sauti ndani yake kuna nini, kimoja kimoja, rozela, nanasi, pasheni, tangawizi, wote wasikie. Usicheke.

Bakuli la mama ninalo mimi, halina ufa, na upawa wake upo. Uje ulichukue mwenyewe kabla ya mfungo kwisha, mabasi ya Kondoa yapo kila siku. Nikimwona mama mdogo getini amekuja kulifuata, simpi.

Dada yako.