Kwa mainjinia wapya mliotumwa mbali na kwenu: usitie saini konkriti hukuiona

Watoto wangu mnaoanza kazi,

Najua mko wengi. Mmetoka Tororo, Mbale, Kabale, hapa kwetu Uganda, mmepata barua ya kazi mkapanda basi la usiku kwenda Hoima, Arua au Moroto, mji ambao hamjui mtu hata mmoja. Nawapenda na nawaombea. Lakini nina hasira, wacha niseme.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita gari letu lilipata pancha barabara ya Hoima, na hapo kando walikuwa wanamwaga konkriti ya kalavati, ile njia ya maji chini ya barabara. Kibarua ameshika jerikeni, anamwaga maji kwenye miksa, anaangalia, anaongeza tena, kwa sababu ikiwa laini inateremka yenyewe, hachoki. Injinia yuko wapi? Yuko ndani ya pikapu na simu. Nikamuuliza, mwanangu, slampu ni ngapi, yaani konkriti mbichi inashuka kiasi gani ukiipima? Akajibu, milimita 75 Mzee, tulipima asubuhi. Asubuhi! Na hiyo ilikuwa saa tisa mchana, na daftari limeshatiwa saini mpaka mstari wa mwisho.

Mlifundishwa hii kitu. Koni ya milimita 300, unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unachoma na chuma mara 25, unainua, unapima imeshuka kiasi gani. Ni dakika chache tu! Maji yaliyozidi yanakauka yanaacha vitundu ndani, na kwa macho ukuta unaonekana mzuri kabisa, ndiyo maana tunatengeneza kyubu, vile vipande vya konkriti vya kupimia nguvu, na kuzivunja siku ya 7 na ya 28.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikosa. Mwaka 1993 nilitolewa Tororo nikapelekwa Arua, sijui Kilugbara hata salamu, Kiswahili ndicho kiliniokoa saiti. Tukimwaga konkriti ya ukuta, fundi mmoja mzee akaniambia, mwanangu, hii maji imezidi. Nikamwangalia tu, mimi nina digrii na yeye hakumaliza praimari. Bosi akasema tia saini twende, nikatia. Siku ya 28 tulitaka nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba, kyubu zikavunjika kwa 14. Ule ukuta tuliubomoa kwa nyundo siku tisa, na kampuni ikakata pesa ya nani? Ya mafundi na vibarua. Mshahara wangu haukuguswa hata shilingi. Jioni nilienda kwa yule mzee kuomba msamaha, mke wake akaniwekea enyasa, ugali wao wa huko, na samaki, nikala huku machozi yananitoka, na yeye hakusema neno moja juu ya ile pesa.

Wazazi na wakubwa mnisikie pia. Mtoto hajaona mshahara wa kwanza, mmeshamhesabia karo ya wadogo zake na mabati ya nyumba ya shangazi, halafu mnamwambia usigombane na bosi utafukuzwa. Huyo atakataaje kutia saini? Tunamfundisha kuogopa, kisha kalavati ikibebwa na mvua tunalia ati serikali, serikali.

Mengine nayasema haraka. Lala ndani ya neti. Boda bila helmeti usipande. Salamu ya wenyeji uijue wiki ya kwanza. Usilipe kodi ya miezi sita kabla hujaona maji yanatoka kwa bomba. Tafuta injinia aliyesajiliwa na Engineers Registration Board akushike mkono, na kila kazi uliyofanya iandike, utaihitaji siku ukitaka kusajiliwa. Mpigie mama simu.

Na wewe kijana wa barabara ya Hoima, uliniambia mmechukua kyubu sita za ile konkriti ya mchana. Nimehesabu, siku 28 zinatimia Jumanne ijayo. Nenda laboratori wewe mwenyewe, usitume dereva, simama pale zikivunjwa, na zisipofika nguvu inayotakiwa usiandike namba nyingine, mwambie konsaltanti anayesimamia mradi siku hiyo hiyo. Ukiogopa kwenda peke yako, namba yangu uliichukua. Nipigie Jumatatu, nitapanda basi nije tusimame wote.

Mzee wenu,
Tororo