Binti anayefumua mshono mzuri

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Nina vijana watatu ninaowafundisha, na mmoja wao, binti wa miaka 22, ana mkono mzuri kuliko yeyote aliyewahi kukaa kwenye mashine zangu. Ndiye anayenikosesha usingizi.

Mwezi uliopita alishona gauni la kitenge la mteja aliyekuwa na sherehe. Zipu imelala vizuri, mabega yamekaa. Asubuhi nikamkuta amelifumua lote kiunoni, kitambaa kimejaa matundu ya sindano, macho mekundu. Nikamuuliza kulikoni. "Mama, watu watalikagua." Mteja mwenyewe alikuwa hajaliona! Kila siku ya kukabidhi kazi kichwa kinamuuma, chakula hakipiti. Nimempeleka kwa mshauri nasaha, tena nimechelewa.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikimsifia bidii. Na nyumbani kwangu ni hivyo hivyo. Mwanangu alipopata divisheni wani ya pointi 12, neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Na wa jirani kapata ngapi?" Uso wake wa siku ile ninao mpaka leo.

Mwanangu huyo ndiye aliyenisomea kazi ya wataalamu wawili wa saikolojia, Thomas Curran na Andrew Hill, kuhusu vijana kutaka kila kitu kiwe kamili. Walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016. Kilichopanda zaidi, kwa asilimia 33, ni ile hali ya kijana kuamini kwamba watu wanamtaka asiwe na dosari hata moja. Ni wa kwao huko, lakini humo nilimwona binti huyu ninayemfundisha.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Nilishukuru. Ila orodha tunayo bado, wazazi wenzangu, kwenye vikao vya ukoo na makundi ya WhatsApp. Nakuomba, Mhariri, tuandikieni na habari za kijana aliyerudia mtihani, au aliyeharibu kitambaa cha watu akalipa, akaendelea na kazi.

Hapa kwangu nguo ikishapigwa pasi haifumuliwi mpaka niseme mimi. Jumamosi binti alikabidhi blauzi yenye mshono mmoja uliopinda, ndani ya kwapa. Alisimama mlangoni akimwangalia mteja mpaka akapanda bajaji.

Fundi wa Tandika,
Temeke, Dar es Salaam