Sio kila kinyago ni "mastapisi"

Mhariri salaam, mimi ni msomaji wako wa hapa Mtwara, naomba nafasi kidogo.

Siku hizi kila kitu ni mastapisi jamani, yaani "masterpiece" ya Kiingereza, kazi bora kabisa, mtu katoa wimbo juzi, mastapisi, kinyago cha kuuzia watalii, mastapisi. Neno lenyewe lilianza kwa mafundi, zamani kule Ulaya kijana aliyejifunza ufundi alikuwa anatengeneza kitu kimoja anawapelekea wakubwa wa chama cha mafundi wakikague, wakiridhika ndo anakuwa fundi kamili. Yaani ilikuwa mtihani!

Halafu kuna "opus" ya Kilatini, hiyo maana yake ni kazi tu, basi. Wingi wake opera, ndo hiyohiyo ya kuigiza kwa kuimba. Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani, simfoni yake (muziki mrefu wa okestra) ya 5 ni opus 67, hiyo ni namba tu ya kazi, sio sifa. Ukitaka kusema ile kubwa kuliko zote za mtu unaongeza "magnum", inakuwa "magnum opus".

Sasa mbona sisi tunalo letu? Utenzi, lile shairi refu la kusimulia, wengine wanasema utendi, neno limetoka kwenye kutenda, sawasawa kabisa na hao Walatini, na inaniuma hatulioni. Mzee wa Kimakonde anayechonga gogo moja la mpingo, watu wamebebana juu mpaka chini bila kuunga popote, hiyo iiteni kazi kuu yake. Vile vya kuuzia watalii andikeni kinyago, inatosha, sio tusi.

Msomaji, Mtwara