Risala ya Wanafunzi wa Ufundi Mitambo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Karakana

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu karakanani. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo orodha ndefu ya mafanikio tumeiacha. Tunaomba utazame kifaa kimoja tu kilicho mezani: gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini.

Mwenye mashine ya kusaga anaijua kwa kazi yake. Debe la mahindi likimiminwa, injini inaelemewa na gavana inaongeza mafuta. Mahindi yakiisha, inapunguza mafuta. Hata asili yake ni kwenye kusaga nafaka. Mwaka 1788 Matthew Boulton alikuta katika kinu cha Albion, London, vipande viwili vya risasi vikizunguka na kurekebisha nafasi kati ya mawe ya kusagia. Akamwandikia mshirika wake James Watt, na wazo hilo likahamia kwenye injini ya mvuke. Kasi ikipanda, matufe mawili yanayozunguka kwenye ncha za mikono yanaachana kwenda nje, yanainua kola, yaani pete inayoteleza kwenye mhimili, na kola inabana vali ya mvuke.

Ndugu mgeni rasmi, wengi hudhani ukibadilisha uzito wa matufe ya Watt, kasi nayo itabadilika. La hasha! Uzito unajifuta wenyewe kwenye hesabu. Kinachobaki ni kimo kutoka matufe hadi ncha ya juu mikono inapokutana. Kwa mizunguko 60 kwa dakika kimo hicho ni kama sentimita 25. Kwa mizunguko 190 ni sentimita 2 na nusu tu, na hapo kola haina pa kusogea.

Mmarekani Charles Porter alilitatua tatizo hilo mwaka 1858 kwa kuweka mzigo mzito juu ya kola. Mikono yote ikiwa na urefu sawa, matufe ya kilo 1 kila moja na mzigo wa kilo 9 yanakurudishia zile sentimita 25 kwa mizunguko hiyohiyo 190.

Kisha Wilson Hartnell wa Uingereza akaweka springi mahali pa mzigo, na ndiyo aina tuliyoiunda. Hapa ndipo tulipokesha. Springi ngumu mno inaifanya gavana kuwa nzito: kasi lazima ibadilike sana ndipo kola isogee. Springi laini iliyobanwa sana inaifanya iwe na pupa. Inafunga, inafungua, inafunga tena, na injini inapanda na kushuka bila kutulia. Fundi wa mtaani akitaka kasi zaidi hukaza nati ya juu inayobana springi, basi. Kasi inapanda kweli, lakini pupa nayo inaongezeka. Kwa maoni yetu, anayetaka kasi na utulivu pamoja hana budi kubadilisha springi yenyewe, aweke ngumu zaidi.

Changamoto yetu ni kwamba springi tunazotumia tumezikata kutoka pikipiki chakavu, hivyo ugumu wake hauchaguliwi, unapokelewa. Kasi nayo tunaikadiria kwa sikio.

Tunaomba utusaidie kupata waya wa springi wa unene tofautitofauti, kipima mizunguko kimoja, na ukarabati wa mashine ya kukereza iliyo pale dirishani. Hiyo ya mwisho ndiyo ghali, hatukufichi.

Baada ya risala hii utaombwa uzungushe mpini mwenyewe. Anza polepole, tafadhali.

Tunaomba kuwasilisha.