Kibao cha waridi la Edouard

Kwako ndugu yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, natumaini nanyi ni hivyo hivyo.

Barua yako nimeipata, pamoja na habari za ule mche wa waridi la Edouard uliopewa na kibao unachotaka kuuwekea, na kile kisa cha mjane nimekirudia kukisoma. Kweli kinagusa moyo: Bwana Edouard anafariki katika kisiwa cha Bourbon, Bahari ya Hindi, mkewe anamwomba afisa wa jeshi la majini la Ufaransa amtafutie waridi adimu safarini India, kisha analipanda kwenye kaburi la mumewe. Lakini nakusihi, usikiandike kwenye kibao. Thomas Rivers, mkuzaji mashuhuri wa mawaridi Uingereza katika karne ya 19, alikitaja kisa hichohicho na kukikataa katakata.

Maelezo anayotoa yeye ni mengine. Wakazi wa kisiwa hicho, ambacho tangu 1848 kinaitwa Réunion, walizungushia mashamba yao uzio wa mawaridi wa mistari miwili: mmoja wa waridi la China, wa pili wa lile jekundu la misimu minne, la ukoo wa Damasko. Bwana Perichon wa Saint-Benoît alikuwa akipanda uzio kama huo alipoona mche mmoja ambao machipukizi na majani yake hayakufanana na ya wenzake. Hakuung'oa. Aliupanda bustanini, na mwaka uliofuata ukachanua. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kizuri kuliko cha kaburi! Mtu ameinama juu ya miche michanga, haina hata ua moja, na bado akatambua.

Mwaka 1817 akafika Nicolas Bréon, msimamizi wa bustani ya mimea kisiwani. Aliuzalisha kwa wingi, akaupa jina la kisiwa, kisha akapeleka mbegu kwa Jacques, mtunza bustani wa jumba la Neuilly karibu na Paris.

Hapo ndipo majina yalipochanganyika. Waridi lililooteshwa kwa tawi ni lilelile la mwanzo, lakini la mbegu ni mtoto, na watoto wa chotara, yaani mmea uliozaliwa na aina mbili kama huu, hawafanani. Jacques aliotesha mbegu. Kwa hiyo waridi lililochanua kwake halikuwa mche wa Perichon, ingawa jina la Bourbon lilikwenda nalo hadi likawa la ukoo mzima: Souvenir de la Malmaison la 1843, Louise Odier la 1851, na mengine mengi. Mama mwenyewe, ule mche wa Perichon, ndiye anayeitwa Edouard. India bado wanalikuza, wakiliita Edward, na sishangai kwamba wapo waliodhani asili yake ni huko. Ila mmea wenyewe unajieleza: kuchanua tena na tena ni tabia ya waridi la China, na ile harufu nzito ni ya Damasko.

Basi muulize aliyekupa mche kama ulitokana na tawi au mbegu. Ukiwa wa tawi, na tawi lenyewe lilitoka kwenye Edouard la kweli, andika "Edouard, Kisiwa cha Bourbon, kabla ya 1820". Ukiwa wa mbegu, andika "Bourbon" tu. Na kabla fundi hajachonga kibao nitumie picha za majani, miiba na ua lililofunguka, maana ninatamani sana liwe lenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaidi